Pamba Isiyoungua

Kitendawili! Umeshasema tega? Haya, sikiliza vizuri wala usiwe na haraka ya kunipa mji: Pamba yangu haikuota shambani, haikuchumwa na mtu, na ukiitia motoni haiungui.

Watu wengi wa Kitaji, pale Musoma, walishindwa kukitegua. Wengine walisema mawingu, wengine povu la ziwa. Mmoja alisema mvi za bibi yake, akachekwa, maana mvi zinaungua vizuri sana, tena zinanuka. Mwenye kitendawili alikuwa fundi Jumanne, na aliwaacha wahangaike mpaka wachoke, ndipo anasema, "Nipeni mji." Wakimpa Mwanza anakataa. Wakimpa Tarime anakataa. Alitaka Bunda tu, kwa sababu Bunda ndiko alikomtoa mke wake, Kudura. Akishapewa Bunda anaanza safari yake ya mdomo: "Nimefika Bunda, nimepokewa kwa vigelegele, nimekalishwa kwenye kiti cha mikono, nimeletewa kuku mzima na sato wawili, nimekula nimeshiba. Wenyeji wakaniuliza jibu, nikawaambia: asbesto!"

Ndiyo hiyo. Ni jiwe la kuchimba nchi za mbali, lakini ukilichambua linatoa nyuzi laini kama pamba ya wakulima wetu, na moto hauziwezi.

Jumanne aliijua vizuri kwa sababu ilikuwa kazi yake. Kando ya mji, enzi hizo Mwingereza bado anatawala, palikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, ambacho leo hata msingi wake huuoni. Ndani mlikuwa na boila kubwa la mvuke, na kazi ya Jumanne tangu ujana ilikuwa kulivika lile boila na mabomba yake ili joto lisipotee. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kulivika, kama bibi harusi. Alimwaga unga mweupe wa asbesto kwenye pipa, akatia maji, akakanda kwa mikono mpaka viwikoni, akapaka. Vazi likichakaa alilibandua kwa nyundo likiwa kavu, linapukutika, chumba chote kinakuwa ukungu. Paa la jineri nalo lilikuwa la asbesto. Mabamba yake watu waliyaita mabati, ingawa hayakuwa na chuma. Aliyakata yeye kwa msumeno, akayapandisha juu yeye. Hakuna aliyemwambia afunge hata kitambaa puani.

Jioni alirudi nyumbani mweupe kama mtu aliyebingirika kwenye unga wa udaga wa mihogo. Kudura alimsubiri uani, mkono kiunoni.

"Simama hapo hapo, wewe mzungu wa jineri! Usiniingilie ndani!"

"Kitendawili!"

"Vua shati kwanza, vitendawili baadaye."

Jumanne anavua, anacheka. Kudura analishika shati mabegani, analikung'uta kwenye ukuta wa nyuma, pa! pa! pa! Vumbi linapanda kwenye jua la jioni, linametameta mpaka unapenda kuliangalia.

"Polepole na hilo shati, mama Rashidi," Jumanne anasema. "Mbavu zangu bado zimo ndani."

Kudura alifumba macho vumbi lisimwingie. Pua hakuiziba. Nani anayeziba pua kwa shati la mume wake? Akimaliza analiloweka, analifua, kesho yake Jumanne anatoka nalo jeupe la sabuni, jioni analirudisha jeupe la kazi. Ikawa hivyo miaka mingi, na mtu angemuuliza Kudura raha ya ndoa yake iko wapi, angemwonyesha ule ukuta wa nyuma.

Rashidi, mtoto wao wa pekee, akakua. Hakutaka ufundi, akapenda biashara. Akamwoa Fatu, binti mcheshi, wakakaa wote nyumba moja na wazee. Wakapata mtoto wa kike, Mwanaupe. Na huyo Mwanaupe alipoanza kukaa, babu yake akaanza kuishiwa pumzi.

Kwanza kilikuwa kile kimlima cha kutoka ziwani. Alisimama katikati, akajifanya anaangalia mitumbwi. Baadaye ikawa mlango wa msikiti. Baadaye ikawa kuvaa viatu. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, kinatoka chini kabisa, kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua. Ncha za vidole vyake zikavimba, kucha zikabinuka kama migongo ya vijiko.

Jirani yao Wegesa, muuza samaki, alikuja na ningu wawili wa mgonjwa na maneno yake.

"Dada Kudura, mimi nakupenda ndiyo maana nasema. Hicho ni kifua kikuu. Tenga kikombe chake."

Kudura akachukua kikombe cha mumewe, chai ikiwa bado imo, akanywa mpaka mwisho mbele ya Wegesa. "Kimekwisha," akasema. "Nitenge kipi?"

Lakini alikubali waende hospitali. Yeye na Rashidi walimpeleka Jumanne, wamemshika huku na huku. Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, sauti yake ndogo, Kiswahili chake cha kubahatisha. Aliyemsaidia kutafsiri ni Isidori, dresa wa kufunga vidonda, kijana wa Bugwema. Wakampima makohozi, wakampiga picha ya kifua, wakamlaza. Siku ya majibu wote walikaa kuzunguka kitanda.

"Mzee," Isidori akasema, "dokta anasema kifua kikuu hauna. Anauliza, ulikuwaga unafanya kazi gani?"

Jumanne akachangamka kama mtu aliyeletewa mgeni. "Kitendawili!"

"Mzee, hapa ni hospitali."

"Mwambie aseme tega."

Isidori akamwambia. Daktari akasema, "Tega," akitabasamu.

"Pamba yangu haikuota shambani, haikuchumwa na mtu, na ukiitia motoni haiungui."

Isidori akatafsiri, na tabasamu la daktari likapotea. Hakumpa Jumanne Bunda wala mji wowote. Alijibu palepale, neno moja: "Asbesto."

Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kukitegua. Jumanne akafurahi, akataka kupiga makofi, kisha akamwona daktari amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na furaha ikamwishia.

Daktari alieleza taratibu, Isidori akimfuata nyuma. Mji aliozaliwa ulikuwa na kiwanda cha asbesto, na aliwaona wanaume wa mtaa wao wakikohoa hivi. Vumbi la asbesto ni sindano ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Mtu anazivuta, zinachoma kwenye mapafu, na hazitoki tena. Zinaweza kukaa kimya miaka ishirini, hata thelathini, huku mapafu yanakuwa magumu kama ngozi ya kiatu. Dawa ya kuzitoa haipo.

"Na mtu aliye chini ya paa lake?" Rashidi akauliza. "Maana paa lote la jineri ni hiyo hiyo."

"Paa likiwa zima, likaachwa mahali pake, halina neno kubwa," Isidori akatafsiri. "Ubaya ni kulivunja, kulikata, kulikwangua, au kufagia vumbi lake kavu. Ikilazimika kuguswa, iloweshwe maji kwanza, na vipande vifukiwe. Na nguo za kazi zisirudi nyumbani." Akamsikiliza daktari. "Anauliza, nguo za mzee nani alikuwaga anafua?"

"Mimi," Kudura akasema. "Nani mwingine?"

Daktari akauchukua mkono wa Kudura, akaugeuza. Kudura alikuwa amepaka hina, vidole mpaka kucha, kama alivyopenda mumewe. Daktari akapitisha kidole chake juu ya ncha za vile vidole, kimoja kimoja. Kisha akauliza mwenyewe, bila kutafsiriwa, kwa Kiswahili chake kile:

"Na wewe, mama? Kifua chako kikoje?"

Jumanne akageuza kichwa kwenye mto. Alimtazama mkewe, na Kudura akayaona yale macho. Yalikuwa yanaomba.

Akauvuta mkono wake, akacheka. "Isidori, mwambie dokta anipe mji kwanza."

Isidori akacheka, Rashidi akacheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Jumanne hakucheka.

Waliporudi nyumbani swali lile lilirudi nao. Jumanne alilala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, Kudura akimpepea kwa ukili wa mkeka.

"Mama Rashidi."

"Nipo."

"Yule dokta hukumjibu."

"Kumjibu nini?"

"Kifua."

"Nipe mji."

"Nakupa Musoma."

"Musoma nipo, nitaipokeaje?"

"Nakupa Suguti, na mashamba yake ya mihogo."

"Mihogo inanitia kiungulia."

Jumanne akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Nakupa Bunda. Kwa mama yako."

Kudura akauma ncha ya kanga. Kama angeipokea Bunda ingebidi ajibu, ndiyo kanuni. "Bunda siitaki," akasema. "Umeshaimaliza wewe kwa kula kuku zao wote." Jumanne akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, swali likapita kwa siku ile.

Kesho yake akaliuliza tena. Na kesho kutwa.

Ukweli ni kwamba Kudura mwenyewe alikuwa akipumzika njiani akitoka ziwani na ndoo, na alikuwa na kikohozi alichokipeleka nyuma ya nyumba, akakizibia kwenye kanga. Alikuwa anajua hata kabla daktari hajamshika vidole. Lakini amwambieje Jumanne? Mtu huyu alikuwa anakufa, na kitu pekee alichobakiza kizuri ni zile jioni. Amwambie kwamba kila jioni, akicheka, akitega vitendawili, alikuwa anamletea mkewe kifo ndani ya shati? Ni heri afe anadhani. Kudhani si sawa na kujua.

Jumanne alifariki asubuhi, chai ikiwa jikoni. Kudura alikuwa amemshikilia ili akae, maana kulala chali alikuwa hawezi tena. Alifungua macho, akamtazama mkewe, akasema, "Nakupa..." na pumzi haikufika kwenye jina la mji.

Kudura akakaa eda. Alivaa nguo nyeupe, hakutoka nje ya kizingiti, hakupaka wanja wala hina. Wanawake wa Kitaji walikuja kumsomea, Wegesa naye ambaye ni Mkristo alikuja na samaki wake, akakaa chini na wengine. Fatu alimletea uji kila asubuhi. Na kwa kuwa hina haikupakwa tena, ilianza kupauka na kusogea mbele kwenye kucha, mpaka vidole vikabaki vitupu.

"Mama," Fatu akasema siku moja, "kucha zako mbona..."

"Hina imeniacha, mwanangu. Si eda?"

"Siyo hina nasema. Zimevimba kama..."

"Huu uji hauna sukari. Niletee sukari."

Fatu akaenda kuleta sukari. Aliporudi, mikono ya mkwewe ilikuwa chini ya kanga.

Wiki hizo hizo jineri kuukuu ilikuwa ikibomolewa, maana mpya yenye mashine za mafuta ilikuwa imeshaanza kazi. Rashidi alikuja akakaa mlangoni kwa mama yake, kofia mkononi.

"Mama, yale mabati ya baba nimeyachukua. Nimepata kiwanja Butiama, nafungua duka. Kuta zimeshasimama."

Kudura akashtuka mpaka tasbihi ikamponyoka. "Rashidi! Hukumsikia dokta?"

"Nilimsikia. Alisema yakiwa mazima hayana neno. Nami nayabeba mazima, kama mayai."

"Alisema yakiachwa mahali pake!"

"Sasa mahali pake si panavunjwa? Nikiyaacha watayaponda kwa nyundo." Sauti yake ikashuka. "Mama, baba aliyapandisha kwa mikono yake. Amekufa hana shamba, hana ng'ombe, ana lile paa tu. Mvua ikinyesha Butiama nataka niwaambie wateja, msiogope, hili ni paa la baba yangu."

"Litakuua."

"Baba aliila asbesto maisha yake yote. Mimi naipandisha juu mara moja. Na wewe mbona uliishi naye miaka yote, ukafua, ukakung'uta, na mzima uko hapa?"

Kudura akafungua mdomo. Jibu lilikuwepo, na lilikuwa moja tu. Lakini akamwona mwanawe macho bado mekundu, udongo wa kaburi haujakauka. Akajiambia, acha kwanza amalize kumlilia mmoja. Akaufunga mdomo. Rashidi akaona amekubaliwa, akambusu mkono juu ya kanga, akaondoka na lori kwenda Butiama.

Siku zile hakuna uji uliopita kwenye koo la Kudura. Angetoka, angepanda hata mkokoteni akaenda kumzuia, lakini mjane wa eda anakwenda wapi? Alituma salamu kwa watu wanaokwenda huko. Salamu zikarudi: Rashidi mzima, anafanya kazi, mama asihangaike.

Jumamosi alasiri lori likasimama barabarani. Kudura alikuwa amekaa ndani, mlango wa uani uko wazi. Akasikia hatua, akainua macho. Aliyeingia uani alikuwa Jumanne. Mweupe toka nywele mpaka viatu, anacheka kwa meno.

Hapana, alikuwa Rashidi.

"Mabati yamekuwa marefu kuliko nyumba!" Rashidi akamwambia Fatu kwa sauti. "Imebidi tuyapunguze kidogo kwa msumeno. Nusu bado, Jumatatu tunamaliza."

Na Fatu, mkono kiunoni, kwa maneno aliyoyasikia kwa mkwewe tangu aolewe: "Simama hapo hapo, wewe mzungu wa Butiama! Usiniingilie ndani!"

Rashidi akacheka, akavua shati, akamrushia. Fatu akalishika mabegani, akaenda kwenye ukuta wa nyuma, ukuta ule ule. Mwanaupe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akamfuata mama yake huku amenyoosha mikono, maana vumbi kidogo lilikuwa limeanza kuanguka kutoka kwenye shati na jua lilikuwa linalimetesha.

"Fatu! Usikung'ute!"

Kudura alivuka kizingiti bila kujua kama amevuka. Aliukwapua mtungi wa maji uliokuwa mlangoni, akaufikisha pale, akamwaga maji yote juu ya lile shati, na juu ya Fatu, na juu ya mtoto. Mwanaupe akapiga kelele. Fatu akabaki ametoa macho, maji yanamtiririka, shati linadondosha maji meupe kama tui.

"Jamani!" Wegesa akaita kutoka uani kwake. "Mama wa eda ametoka!"

"Liweke chini," Kudura akasema. "Liache liloe. Rashidi, wewe nawe jimwagie, hapo hapo ulipo, usimshike mtoto..."

Hakumaliza. Pumzi ilikuwa imekwisha. Akashika ukuta, akateremka taratibu mpaka akakaa chini, na kikohozi kikaja. Safari hii hapakuwa na nyuma ya nyumba pa kukipeleka, wala kanga ya kukizibia, maana kanga ilikuwa imeanguka njiani. Kikavu, kinatoka chini kabisa, kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua.

Rashidi alikuwa amesimama anajimwagia maji ya ndoo kwa kata. Kata ikabaki hewani. Kikohozi kile alikuwa amekisikia ndani ya nyumba ile kwa miezi, akakizika na baba yake.

Akaja akapiga magoti, maji bado yanamdondoka. Akauchukua mkono wa mama yake. Hapakuwa na hina. Akapitisha kidole juu ya zile kucha zilizobinuka, moja moja, kama alivyofanya yule daktari.

"Mama," akasema. "Siku ile hospitali dokta alikuuliza swali."

Kudura alijaribu kucheka. Mazoea ni kitu kibaya. "Nipe..." akasema, pumzi ikakatika, "nipe mji."

Fatu alikuwa amembeba mtoto, amesimama mbali na lile shati, analia bila sauti.

"Nakupa Butiama," Rashidi akasema. "Na duka, na kuta zake. Mabati yote nayalowesha nayafukia, hata moja silipandishi. Nitaezeka nyasi. Pokea Butiama, mama, usiikatae kama ulivyomkatalia baba, nilikuwa nawasikia. Kifua chako kikoje?"

Kudura akamtazama kwa muda mrefu, huyu mwanawe mwenye sura ya baba yake.

"Nimefika Butiama," akasema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nimepokewa vizuri. Nimemkuta mwanangu mzima, na mkewe mzima. Mtoto wao anacheza uani, hakuna vumbi. Nimekaribishwa chakula, nimekula, nimeshiba. Wenyeji wakaniuliza jibu."

Akavuta pumzi, ile kidogo iliyokuwepo.

"Nikawaambia: kifua changu, mwanangu, ni kama cha baba yako."